Kumzoeza Mbwa Mchanga Kubaki Nyumbani Peke Yake

Kila mwaka likizo ya Desemba inapokwisha, maswali huwa yale yale. Mtu alileta mtoto wa mbwa nyumbani akiwa mapumzikoni, wakashinda pamoja wiki mbili au tatu, kisha Jumatatu ya kwanza ya kurudi kazini akafunga mlango na kuondoka. Jioni anakuta mlango umekwanguliwa rangi, mkojo umetapakaa sakafuni ingawa mbwa alikwisha kujua kwenda uani, na jirani anamweleza kwamba kilio hakikukoma tangu asubuhi. Anauliza afanye nini, na karibu kila mara ameshaambiwa amwache alie kwa sababu atazoea.

Nami niliufuata ushauri huo kwa mbwa wangu wa kwanza, jike wa kienyeji aliyekuwa na umri wa wiki kumi. Siku ya tatu nilimkuta ukucha umeng'oka na fremu ya mlango ina damu, na ilinichukua miezi minne kumfikisha mahali pa kuweza kubaki peke yake hata kwa nusu saa. Mbwa waliofuata niliwafundisha kwa utaratibu ninaoueleza hapa, na wengi wao walikuwa wametulia ndani ya wiki mbili hadi nne. Utaratibu huu unamfaa mbwa mwenye umri wa wiki 8 hadi miezi 6 hivi. Mbwa mkubwa zaidi anaweza kufundishwa kwa hatua hizi hizi, ila utahitaji siku nyingi zaidi.

Kuna jambo moja tu la kulielewa kabla ya kuanza. Mtoto wa mbwa anayetoka kwa mama yake amelala maisha yake yote akiwa amebanana na ndugu zake, na kilio ndicho kilichokuwa kikimleta mama. Ukimwacha peke yake, hana namna ya kujua kwamba utarudi, kwa hiyo analia kama alivyozoea, na asipojibiwa hofu hupanda. Kilio hicho si ukaidi wala kudeka. Kinachomfundisha kwamba utarudi ni safari fupi nyingi ambazo wewe hurejea kabla hofu haijaanza, zikirefushwa kidogo kidogo mpaka kuondoka kwako kuwe jambo la kawaida lisilomshughulisha.

Mahitaji kabla ya kuanza

Kitu cha kwanza, na ndicho watu wengi hukosa, ni muda. Tenga siku 10 hadi 14 ambazo mbwa hatalazimika kuachwa peke yake kwa muda unaozidi uwezo wake. Kama uko likizoni, anza mafunzo siku ya pili baada ya kumleta, usisubiri siku mbili za mwisho. Kama unafanya kazi, tafuta mtu wa kukaa naye unapokuwa haupo: ndugu, dada wa nyumbani, jirani asiyeogopa mbwa, au mlinzi aliyekubali kazi hiyo kwa hiari. Mafunzo ya asubuhi yakifuatwa na saa nane za upweke mchana, kila ulichojenga kitabomoka.

Mengine ni haya:

- Sehemu maalumu ya mbwa. Inaweza kuwa kona ya jikoni iliyozungushiwa uzio mdogo, stoo yenye dirisha, veranda iliyofungwa, au kizimba kikubwa kinachomwezesha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Katika nyumba ambazo mbwa haingii ndani, veranda ya nyuma inatosha kabisa, mradi iwe na kivuli siku nzima. Usitumie banda la mabati lililo juani. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na ndani ya banda lenye joto kuhema hakumsaidii.
- Bakuli zito la maji ambalo hawezi kulipindua.
- Tandiko, pamoja na fulana au khanga uliyoivaa na ambayo haijafuliwa, ili harufu yako ibaki naye.
- Vitu viwili au vitatu salama vya kutafuna na kulamba. Mpira mgumu wenye tundu unaojazwa chakula ni mzuri sana, na unapatikana katika maduka ya vifaa vya wanyama. Ukiukosa, paka mtindi usio na sukari au ugali laini uliochanganywa na dagaa waliosagwa ndani ya bakuli dogo zito, kisha uligandishe kwenye friji. Siagi ya karanga inafaa, lakini soma kibandiko kwanza: yenye zailitoli (xylitol), kiongeza utamu kinachotumika badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa.
- Simu ya kurekodi, ya kwako au ya kuazima, itakayobaki chumbani unapotoka.
- Daftari dogo na kalamu.

Mpeleke pia kwa daktari wa mifugo kwa chanjo na dawa ya minyoo mapema. Mbwa anayeharisha au anayeumwa tumbo hawezi kutulia wala kubana haja, na utadhani mafunzo yameshindwa kumbe mwili ndio unaomsumbua.

Hakikisha hakuna waya wa umeme, viatu, sabuni, dawa ya panya au mifuko ya plastiki karibu naye. Usimwachie mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha. Mvue mkanda wa shingoni anapobaki kizimbani, na kamwe usimfunge kwa mnyororo ukaondoka, kwani mtoto wa mbwa aliyeshtuka huweza kujinyonga. Usiache mabaki ya chakula chini: yanavuta sisimizi, na katika maeneo yenye siafu mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia.

Hatua za mafunzo

1. Mfanye aipende sehemu yake ukiwa nyumbani.

Kwa siku mbili au tatu za kwanza, mpe milo yake yote ndani ya sehemu hiyo, mlango ukiwa wazi. Mtupie vipande vidogo vya chakula humo mara kwa mara bila yeye kuona, ili kila akipita akute kitu kizuri. Akianza kuingia mwenyewe na kulala, funga mlango wakati anakula, ukae karibu naye, na umfungulie kabla hajamaliza. Ongeza muda pole pole mpaka abaki ametulia dakika kumi akiwa anakuona.

Usimburute wala kumsukuma ndani, na usiitumie sehemu hiyo kumwadhibia. Mbwa aliyefungiwa humo mara moja kwa hasira ya mtu huikumbuka kwa wiki nyingi.

2. Mzoeze kuwa mbali nawe ndani ya nyumba.

Mtoto wa mbwa anayekufuata kila unapokwenda, hadi mlangoni mwa choo, anapendeza, lakini hajawahi kufanya zoezi hata moja la kuwa mbali nawe. Weka kizuizi kifupi mlangoni mwa jikoni. Mwachie kitu cha kulamba, uende upande wa pili ambako anakuona, kisha urudi. Baadaye toka machoni pake kwa sekunde tatu, urudi kabla hajalia, uendelee na kazi zako. Fanya hivyo mara 20 au 30 kwa siku katika shughuli zako za kawaida, unapoanika nguo au unapoosha vyombo. Hatua hii huonekana ndogo, na watu huiruka. Nimeona kwamba anayeiruka ndiye anayekwama hatua ya nne.

3. Ondoa uzito kwenye dalili za kuondoka.

Mbwa hujifunza upesi kwamba mlio wa funguo, viatu vya kazini na mkoba begani ni mwanzo wa upweke, na hofu yake huanza hapo, kabla hujagusa kitasa. Kwa hiyo chukua funguo, ukae nazo, uangalie simu yako, kisha uzirudishe. Vaa viatu, upike chai. Beba mkoba hadi sebuleni, uuweke chini. Washa pikipiki au gari, uzime, urudi ndani. Rudia kila jambo mpaka mbwa asiinue tena kichwa anapolisikia.

4. Toka mlangoni kwa sekunde.

Hapa ndipo mafunzo yenyewe yanapoanza. Chagua wakati ambapo mbwa amecheza, amejisaidia, amekula na anaelekea kusinzia. Watoto wa mbwa hulala kati ya saa 18 na 20 kwa siku, na ni busara kuutumia usingizi huo. Washa kamera ya simu. Toka, funga mlango, hesabu moja hadi tano, rudi ndani. Usimsemeshe wakati wa kutoka zaidi ya neno moja la kawaida, na unaporudi usimrukie kwa furaha. Pita, kaa, kisha msalimie kwa sauti ya chini akiwa na miguu yote minne chini.

Usipandishe muda kwa mstari ulionyooka. Changanya: sekunde 5, 10, 3, 20, 8, 30, 5. Mbwa akigundua kwamba kila safari ni ndefu kuliko iliyotangulia, ataanza kuhofia inayofuata. Zoezi moja lisizidi dakika 15, na mazoezi mawili au matatu kwa siku yanatosha. Andika daftarini muda wa kila safari na alichofanya.

5. Jifunze kutofautisha manung'uniko na hofu.

Naomba usome hatua hii kwa makini kuliko nyingine zote. Manung'uniko ni sauti fupi za chini zinazokatika-katika: mbwa hulia kidogo, husikiliza, hujizungusha, hulala. Ukiyasikia, ngoja kidogo. Mara nyingi hukoma chini ya dakika moja, na unaweza kuingia katika kimya kinachofuata.

Hofu ina sura tofauti. Sauti hupanda bila kukatika, mbwa huhema mdomo wazi ingawa hakuna joto, hudondosha mate, hutembea huku na huko, hukwangua mlango au kung'ata vyuma vya kizimba, na chakula anachokipenda hukiacha bila kukigusa. Kukataa chakula kizuri ndiyo ishara ninayoiamini zaidi. Ukiona dalili hizo kwenye rekodi au ukizisikia, ingia mara moja. Huwezi kumdekeza mbwa aliyeogopa kwa kumwondolea hofu. Unachofanya ni kukubali kwamba umepima vibaya. Safari inayofuata iwe nusu ya muda aliouweza, au robo yake.

Anayemwacha mbwa alie mpaka achoke huona kimya baada ya saa mbili na kudhani ni utulivu. Tazama rekodi siku inayofuata: kilio huanza mapema zaidi, wakati mwingine unapochukua funguo tu.

6. Toka hadi nje ya geti, na uongeze dakika.

Akiweza kubaki sekunde 60 mfululizo bila kuhangaika, anza kuondoka kweli. Funga mlango kwa ufunguo, fungua geti, tembea hadi barabarani ili mlio wa hatua zako upotee. Katika nyumba za ghorofa, shuka ngazi hadi chini. Mbwa hukusikia ukiwa umesimama nje ya mlango na hujua kwamba hujaondoka. Rudi baada ya dakika 1, kisha 3, 2, 5, 1, 7. Siku nyingine iwe 5, 8, 4, 12, 6, 15. Ikiwa huondoka kwa bajaji au bodaboda, mwombe dereva aje mlangoni mara mbili tatu katika wiki hii, kwa sababu mlio huo nao ni dalili ya kuondoka.

Anza sasa kumwachia kile kitu cha kulamba kilichogandishwa unapotoka, ukichukue unaporudi, ili kiwe kitu cha wakati wa upweke peke yake.

7. Vuka dakika 40.

Sehemu kubwa ya fadhaa hutokea mwanzoni, katika dakika 30 au 40 za kwanza, kwa hiyo muda wa hapa uongezwe kwa hatua ndogo, dakika tano tano, hata kama umechoka na unaona mambo yanakwenda. Akizivuka kwa utulivu siku tatu mfululizo, unaweza kuruka hadi saa moja, kisha saa moja na nusu, kisha mbili. Katika safari ndefu rekodi huonyesha mbwa akilamba kwa dakika kumi, akinusa mlango, akirudi kwenye tandiko na kulala. Hivyo ndivyo unavyotaka kumwona.

8. Panga siku ya kazi kwa kipimo cha umri wake.

Kuna kanuni nyepesi inayotumiwa na wafugaji wengi: umri wa mbwa kwa miezi, ongeza moja, ndiyo saa nyingi kabisa anazoweza kubana mkojo mchana. Mbwa wa miezi miwili, basi, haziwezi saa nne hata awe mtulivu namna gani. Mimi hukaa chini ya kanuni hiyo: saa moja akiwa na wiki 8 hadi 10, saa mbili akiwa na miezi mitatu, tatu akiwa na miezi mitano, na nne baada ya miezi sita. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi minne anahitaji pia milo mitatu au minne kwa siku, kwa hiyo lazima mtu afike mchana.

Tuseme ukweli kuhusu jiji kama Dar es Salaam. Anayeishi Mbezi na kufanya kazi Posta huweza kutoka saa kumi na moja alfajiri na kurejea saa moja usiku. Hakuna mafunzo yatakayomwezesha mbwa mchanga kubaki saa 14 peke yake, na si haki kumdai hivyo. Panga mtu aje angalau mara mbili, amtoe ajisaidie, amlishe, acheze naye dakika 20. Mwonyeshe mtu huyo kazi hiyo kwa macho, mkifanya pamoja siku mbili. Dada anayeogopa mbwa atamfungia bandani na kupitisha chakula kwa ncha ya ufagio, na mbwa aliyefungiwa hivyo yuko peke yake hata nyumba ikiwa imejaa watu.

Asubuhi ya siku ya kazi, amka mapema umtembeze uani na kumchezesha, umlishe, umsubiri ajisaidie, kisha mtulie pamoja dakika kumi kabla hujaondoka. Mbwa ambaye hajakamilisha chanjo asitembezwe njiani wanakopita mbwa wengine. Michezo ya uani na ya kunusa chakula kilichofichwa humchosha vya kutosha.

Yakitokea matatizo

*Analia mara tu mlango unapofungwa.* Umeruka hatua. Rudi ya pili na ya tatu kwa siku tatu, kisha uanze ya nne kwa sekunde mbili.

*Ametulia dakika 20, kisha anaanza kulia.* Tazama rekodi ujue kilichotokea dakika hiyo. Mara nyingi kitu cha kulamba kimekwisha, na ndipo akagundua kuwa yuko peke yake. Fanya safari kadhaa fupi bila kumwachia chochote. Wakati mwingine ni haja tu iliyombana, au mpita njia aliyegonga geti.

*Nimekuta mkojo au kinyesi.* Usimfokee, na usimsugue pua kwenye uchafu. Hawezi kuunganisha ukali wako wa sasa na alichofanya saa mbili zilizopita. Anachojifunza ni kwamba kurudi kwako kunatisha, na hilo huongeza hofu ya kubaki. Ile sura ya kuinama na kukwepa macho ambayo watu huiita ya hatia ni woga wa hasira anayoiona usoni mwako. Safisha kwa maji ya vuguvugu na siki, punguza muda, na hakikisha alijisaidia kabla hujatoka.

*Anatafuna vitu.* Angalia ametafuna wapi. Viatu, mito na miguu ya meza ni dalili ya kukosa shughuli au ya kung'oa meno, jambo linaloendelea kuanzia karibu miezi mitatu na nusu hadi sita au saba. Mwongezee michezo na vitu vya kutafuna. Mlango, kitasa na nondo za dirisha ni dalili ya kutaka kukufuata, na tiba yake ni kupunguza muda.

*Alikuwa vizuri mpaka mvua ilipopiga kwenye mabati, au fataki za mwaka mpya.* Kwa siku chache usimwache peke yake hali kama hiyo inapotarajiwa. Redio yenye sauti ya chini husaidia kufunika kelele, lakini mzoeze kuisikia ukiwepo pia, isije ikawa nayo dalili ya kuondoka.

*Nilete mbwa wa pili amliwaze?* Usifanye hivyo kwa sababu hii. Mbwa anayekulilia wewe mara nyingi huendelea kukulilia wewe, na wa pili huweza kuiga.

*Jirani amelalamika.* Nenda umwone kabla hajaja tena, umweleze unafundisha na itachukua wiki chache, na umwombe akuambie kilio kilianza saa ngapi. Taarifa hiyo ni ya thamani kwenye daftari lako.

*Anajiumiza, hali kabisa ukiwa haupo, au hakuna nafuu baada ya wiki nne za mafunzo ya kweli.* Mwone daktari wa mifugo ukiwa na rekodi za simu. Zipo dawa za kupunguza hofu, kama klomipramini na fluoksetini, ambazo daktari huweza kuzitoa kwa kipimo cha mbwa wako sambamba na mafunzo. Usimpe kidonge chochote cha binadamu kutoka kabatini. Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kumuua.

*Alishazoea, kisha tukakaa naye likizo nzima na sasa analia upya.* Hali hii hutokea pia baada ya kuhama nyumba au baada ya mbwa kuugua. Anza tena hatua ya nne siku nne au tano kabla ya kurudi kazini, kwa sekunde, kama vile hajawahi kufundishwa. Atapanda ngazi zile zile kwa haraka zaidi, na mara nyingi hufika saa moja ndani ya siku tatu.